Minyoo ya mizizi katika nyanya: dawa ya majani inasaidia, lakini inasaidia mapema



Wengi wenu munajua hii hali. Miche ya nyanya imehamishwa, imeshika vizuri, na kwa wiki 3 za kwanza kila mutu anafurahi. Kisha, katikati ya shamba, miti 10 ama 20 inaanza kubakia mifupi. Majani yanageuka njano. Saa sita ya muchana yanalegea kama yenye kukosa maji, na mangaribi yanasimama tena. Mwenye shamba anaongeza maji, hakuna kitu. Anaongeza mbolea, hakuna kitu. Anakopa pesa katika MUSO, ananunua dawa ya kupulizia majani, hakuna kitu. Siku ya kuvuna, pale alitegemea mabasini 5, anapata 2, tena nyanya zenyewe ni ndogo, na deni ya MUSO inabaki palepale.

Shida haikuwa kwenye majani. Ilikuwa chini, mahali hatuangalie.

Katika hii toleo tunapenda kueleza mambo matatu: namna ya kujua minyoo ya mizizi, namna ya kutumia dawa yenye tunatengeneza sisi wenyewe na mimea ya kwetu, na zaidi ya yote, wakati gani ile dawa inasaidia na wakati gani inakuwa kazi ya bule. Maana dawa ya majani si mubaya, lakini mulimaji mwenye kuitumia kwa kuchelewa anapoteza nguvu yake, na kisha anasema kwamba dawa za majani ni uongo.

NG'OA KWANZA, ANGALIA MIZIZI

Mbele ya kununua dawa yoyote, chukua jembe, chimba polepole kandokando ya muti wenye kugonjwa, uutoe pamoja na mizizi yake. Usivute kwa nguvu, sababu mizizi midogo itakatika na kubaki mu udongo, na ile midogo njo yenye inasema ukweli. Osha mizizi katika ndoo ya maji. Fanya vilevile kwa muti mumoja wenye kuonekana muzima, uweke yote mbili kandokando.

Kama ni minyoo ya mizizi, utaona vinundu: mizizi imevimba hapa na pale kama kamba yenye mafundo. Vingine ni vidogo kama punje ya mutama, vingine vimeungana mpaka muzizi unakuwa munene kama kidole. Mizizi midogo ya kunywa maji imebaki kidogo sana. Njo maana muti unalegea saa ya jua kali, hata kama udongo uko na maji.

Musichanganye na vitu viwili:

Cha kwanza ni vile vinundu vya maharagi, soya na karanga. Vile ni vizuri, vinaletea muti chakula kutoka hewani. Kinundu cha maharagi kimeshikama pembeni ya muzizi; ukikisukuma na kidole kinatoka, na ukikipasua ndani ni rangi ya pinki. Kinundu cha minyoo ni muzizi wenyewe umevimba. Hauwezi kukitosha bila kukata muzizi. Na maharagi pia yanashikwa na minyoo, kwa hiyo angalia vizuri.

Cha pili ni ule ugonjwa wa kunyauka wenye kuletwa na bakteria. Pale muti unalegea mara moja, ungali na rangi ya kijani, na mangaribi hausimame tena. Kata kipande cha shina, pale chini, ukisimamishe katika kilasi ya maji safi. Kama baada ya dakika chache unaona kitu cheupe kama maziwa kinashuka mu maji kama uzi, ni bakteria, siyo minyoo. Lakini ujue kwamba hii mibaya miwili inapenda kutembea pamoja: minyoo inatoboa muzizi, na bakteria inaingilia kwenye ule mulango.

HUYU MUDUDU NI NANI?

Agronomu wanamuita nematodi wa vinundu, ama Meloidogyne. Ni munyoo mudogo sana, hautamuona na macho: wakati anatafuta muzizi wa kuingia, urefu wake haufike hata nusu ya milimeta moja. Anaogelea katika maji yenye iko kati ya punje za udongo, anasikia harufu ya muzizi muchanga, anaingia kwenye ncha yake.

Akiisha kuingia, dike anakaa pahali pamoja na hatoke tena. Analazimisha muzizi umutengenezee chakula, na hapo njo kinundu kinatokea. Yeye anavimba kama kibuyu kidogo, kisha anataga mayai mamia katika kitu kama ute. Mahali pa joto, kama katika uwanda wa Ruzizi, tangu yai mpaka yai lingine ni karibu wiki 4. Kwenye milima ya Kabare ama Walungu, sababu ya baridi, inakawia zaidi.

Sasa fanya hesabu. Nyanya inakaa shambani miezi 3 ama 4. Minyoo kidogo yenye iliingia siku ya kuhamisha miche iko na wakati wa kuzaa, watoto wakazaa, na wajukuu wakazaa. Kwa hiyo muti wenye kushikwa ungali muche hautazaa sana. Lakini muti wenye kushikwa wakati uko na maua na matunda, mizizi yake imeisha kuwa mingi na inaweza kuvumilia.

Hapa njo kuko neno lenye tunaomba mushike: kila wiki yenye tunachunga muche ubakie muzima ni faida kwa mavuno. Na kila dawa yenye inakuja baada ya vinundu kuonekana inakuta dike amefungiwa ndani ya muzizi kama mutu mu nyumba ya matofali. Maji ya majani unayomwanga inje hayamufikie vizuri.

MAJANI GANI?

Kila kijiji kuna mutu mwenye kujua muti wake. Hatusemi anadanganya. Tunataja hapa ile yenye kujulikana kwa minyoo ya mizizi, na tunasema pia ile ya kuepuka.

Muarobaini. Huu njo unajulikana zaidi. Nguvu yake kubwa iko katika mbegu, siyo katika majani. Majani pia inasaidia lakini ni zaifu. Unakubali mahali pa joto, kama uwanda wa Ruzizi na kandokando ya ziwa Tanganyika. Kwenye milima ya baridi haukomae vizuri, kwa hiyo walimaji wa juu wanaweza kupatana na koperative za chini kwa kununua mbegu.

Alizeti ya pori (titonia). Ni ule muti wenye maua makubwa ya njano, unajaa kandokando ya barabara zetu zote na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake ni machungu. Faida yake ni mbili: ukiyafukia mabichi mu udongo, wakati yanaoza yanatosha vitu vyenye minyoo haipendi, na pia yanalisha udongo, sababu yako na azoti na potasi mingi. Hata kama haikuua minyoo yote, nyanya inapata nguvu ya kutengeneza mizizi mipya.

Tagetesi. Ni yale maua ya rangi ya machungwa yenye kunuka sana, wengi wanayapanda mbele ya nyumba. Kuna pia ndugu yake wa pori, murefu, mwenye maua madogo, anaota katika mashamba ya milimani. Kwa tagetesi, nguvu iko mu mizizi ingali hai, siyo mu maji ya kusaga. Kwa hiyo dawa yake si kuiponda, ni kuipanda. Tutarudilia.

Ile muti ya kulevya samaki (tefrozia). Wengi wanaipenda kwa kuua viwavi na chawa za mimea, na kweli inasaidia kwa ile kazi. Lakini kwa minyoo ya mizizi angalieni: tefrozia yenyewe inashikwa na hii minyoo. Ukiipanda mu shamba kwa kupumuzisha udongo, kisha unaweka nyanya, umelisha adui. Tena maji yake inaua samaki: haifai kuimwanga karibu na muto ama kizimba cha tilapia.

Tumbako. Hapana kuitumia kwa nyanya. Sababu ya kwanza, sumu yake inapita kwenye ngozi ya mutu na inagonjwesha. Sababu ya pili, majani ya tumbako inaweza kuleta ugonjwa wa mozaiki, ambao unashika nyanya pia. Utafukuza mwizi mumoja ukiingiza mwingine.

Maji ya muhogo. Mama wengi wanauliza hii. Ni kweli kwamba kule Brazili walimaji na wachunguzi walitumia maji ya muhogo muchungu kwa kuua minyoo ya mizizi. Lakini ile ni maji yenye kukamuliwa katika muhogo mubichi wenye kukunwa, na inatumiwa ingali mupya, mu udongo wenye haujapandwa. Maji ya kulowekea yenye tunamwanga kila siku ni kitu kingine, ni mepesi sana. Musitegemee hiyo.

NAMNA YA KUTENGENEZA NA KUTUMIA

1. Maji ya mbegu za muarobaini

Okota matunda yenye kuiva, toa nyama yake, osha mbegu, uanike kwenye kivuli mpaka ikauke. Chunga katika gunia ama kitunga chenye kupitisha hewa, siyo mu sashe ya plastiki, sababu itafanya ukungu. Mbegu yenye ukungu ama yenye kupita mwaka mumoja, achana nayo.

Siku ya kazi, twanga mbegu katika kinu chenye hautumie kwa chakula. Weka gramu 500 za unga katika litri 10 za maji ya baridi. Koroga, funika, acha kwenye kivuli usiku muzima. Asubui chuja na kitambaa. Tumia siku ileile, mangaribi ama asubui sana, sababu jua inavunja nguvu ya hii dawa. Maji ya moto pia hapana.

Kama hakuna mbegu, ponda kilo 1 ya majani mabichi ya muarobaini kwa litri 5 za maji, ulaze usiku muzima. Lakini ujue ni zaifu kuliko mbegu.

2. Katika pepinyeri

Hapa njo kuko faida kubwa. Tayarisha tuta, lilainishe, umwangilie maji ya kawaida kwanza ili udongo ukunywe vizuri. Kisha mwanga litri 5 za dawa kwa meta moja ya mraba. Ngoja wiki moja mbele ya kupanda mbegu, ili dawa isichome miche michanga. Rudilia baada ya miche kufikisha majani 4, lakini jaribu kwanza kwenye miche 10 na ungoje siku 3 uone kama haiungui.

Udongo wa pepinyeri munaweza pia kuusafisha na moto: kuchoma majani makavu juu ya tuta, ama kumwanga maji yenye kutokota polepole mpaka ishuke chini. Katika uwanda, wenye kuwa na plastiki nyeupe yenye kupitisha mwangaza wanaweza kufunika tuta lenye kulowana kwa wiki 4 mpaka 6 za jua kali; joto linaua minyoo mingi ya juujuu. Na kama munaweza, hamisheni pepinyeri kila musimu mahali hapakulimwa nyanya, biringanya, lengalenga ama gombo.

3. Katika shimo

Wiki 2 mbele ya kuhamisha miche, weka katika kila shimo majani mabichi ya titonia yenye kukatwakatwa, kama konzi mbili, uchanganye na udongo na mbolea ya ng'ombe yenye kuoza. Acha yaoze. Ukihamisha muche juu ya majani mabichi siku ileile, joto na hewa ya majani yenye kuoza itauunguza.

Siku ya kuhamisha, mwanga robo ya litri ya maji ya muarobaini katika kila shimo. Kama iko mingi, rudilia baada ya wiki 2 na baada ya wiki 4. Zaidi ya hapo, acha. Umeisha kuchunga ule wakati wenye kufaa.

HESABU YENYE WENGI HAWAFANYI

Tuseme uko na shamba la ari 10, na unapanda nyanya kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 50. Hiyo ni miti karibu 3300. Robo ya litri kwa kila shimo ni zaidi ya litri 800, ni kusema bidoni 41 za litri 20. Na mbegu ya muarobaini ya kutengeneza ile yote ni kilo 41. Hiyo ni kwa mara moja tu! Nani atatwanga kilo 41? Nani atabeba bidoni 41? Mara nyingi ni mama na watoto.

Sasa angalia pepinyeri yenye kulisha ile ari 10. Ni meta za mraba 10 tu. Litri 5 kwa kila meta ni litri 50, mbegu kilo 2 na nusu. Mama mumoja anaweza kuimaliza kwa siku moja.

Kwa hiyo, kama nguvu ni kidogo, fuata huu mupango:

– Kwanza pepinyeri. Hapo usikose.
– Pili, ile sehemu ya shamba yenye unajua kwamba musimu uliopita iligonjwa. Hapo weka dawa mu mashimo.
– Tatu, mahali pengine pote, titonia na mbolea yenye kuoza, bila kutwanga kitu.

Kukata titonia ni kazi ya salongo. Koperative inaweza kuchagua siku moja, kila mutu na panga yake, na kila shamba likapata sehemu yake.

Na kama haujui sehemu gani iko na minyoo? Kuna jaribio lenye halilipwe. Mwezi mumoja na nusu mbele ya kuhamisha, chota udongo pahali mbalimbali mu shamba, kwa urefu wa jembe, ujaze katika mikebe yenye kutobolewa chini. Panda mu kila mukebe miche ama mbegu za nyanya, uandike mukebe gani umetoka wapi. Baada ya wiki 5 mpaka 6, ng'oa, osha mizizi. Mukebe wenye vinundu unakuonyesha pahali pa kuogopa.

DAWA PEKE YAKE HAITOSHI

Tusidanganyane: shamba lenye kulimwa nyanya juu ya nyanya, kila musimu, hakuna maji ya majani yatakayoliponyesha. Minyoo inabaki mu udongo na mu vipande vya mizizi, inangojea. Ili dawa isaidie, tuipunguze kwanza na njia zingine.

Toa mizizi. Siku ya mwisho wa mavuno, ng'oa nyanya yote na mizizi yake, uanike juani, kisha uchome. Hapana kuitupa katika komposti ama kando ya mufereji. Nyanya yenye kuachwa imesimama shambani mwezi muzima baada ya mavuno inaendelea kulisha minyoo bule.

Badilisha mazao, lakini uchague. Biringanya, gombo, lengalenga, karoti, tango, viazi na maharagi yote yanalisha hii minyoo. Kutoka nyanya kwenda biringanya siyo kubadilisha, ni kubadilisha sahani kwa mugeni yuleyule. Karanga mara nyingi inapunguza minyoo yenye kusumbua nyanya zetu. Mutama pia unasaidia mara nyingi. Mahindi haionyeshe ugonjwa, lakini inaweza kuichunga kimyakimya, kwa hiyo musiitegemee peke yake. Krotalaria, ile yenye matunda yanalia kama kayamba yakikauka, ni nzuri kwa kupumuzisha udongo.

Wenye mashamba ya muchele wako na bahati. Minyoo hii inakosa hewa udongo ukijaa maji kwa muda murefu. Katika uwanda wa Ruzizi, mahali mufereji unafika, musimu wa muchele wenye kusimama mu maji, kisha musimu wa nyanya, ni dawa kuliko bidoni zote tulizohesabu.

Tagetesi. Kama unaweza kupumuzisha kipande cha shamba, panda tagetesi kwa kusongana sana, uiache miezi 2 mpaka 3, kisha uifukie. Palilia vizuri, maana magugu katikati yake yatalisha minyoo na kazi itapotea. Kupanda maua 5 hapa na pale katikati ya nyanya ni urembo tu.

Soma sashe ya mbegu. Wengi wetu tunapanda Roma VF. Zile herufi ziko na maana: V na F ni magonjwa mawili ya kuvu yenye ile nyanya inavumilia. Kama inavumilia nematodi, utaona pia herufi N. Kwa hiyo Roma VF si kinga ya minyoo. Ukipata mbegu yenye N, jaribu. Lakini ujue kwamba udongo ukipita joto la digri 28, ile kinga inaanza kupunguka.

Angalia miche yenye unanunua. Minyoo haipiti mu mbegu, inapita mu miche, mu udongo wenye kushika kwenye jembe na buti, na mu maji yenye kutoka shamba la jirani. Mbele ya kulipa, omba kung'oa miche mitatu, angalia mizizi. Mwenye kuuza akikatala, nenda kwa mwingine.

HAKIKISHA WEWE MWENYEWE

Usiamini hii toleo bule. Mwaka huu, wakati unaweka dawa, acha mistari 2 bila dawa, katikati ya shamba, siyo pembeni. Weka kijiti cha alama. Mambo mengine yote, palizi, mbolea, maji, fanya sawasawa. Pima mavuno ya ile mistari na ya mistari 2 yenye dawa, kwa ndoo ileile. Siku ya mwisho, ng'oa miti 10 kila upande, uhesabu ngapi haina vinundu, ngapi iko na kidogo, ngapi imejaa. Leta hesabu kwenye mukutano. Walimaji 10 wenye kufanya hivyo wanajua udongo wao kuliko karatasi yoyote.

ANGALISHO

Dawa ya majani ni dawa. Vaa mikono ya plastiki, ama osha mikono na sabuni. Chombo cha dawa kisirudi mu jikoni. Watoto na mama wenye mimba wasitwange wala kuchanganya. Andika kwenye bidoni, ili mutu asikunywe akizania ni maji. Masalio yasimwangwe mu muto.

Na zile punje za sumu kali zenye kuuzishwa sokoni bila jina, mu sashe yenye kufungwa na mukono, kwa kumwanga mu mashimo: tunawaomba sana, achaneni nazo. Nyingine ni karbofurani, sumu yenye inaweza kuua mutu, ndege na samaki, na haina kazi katika mikono ya mutu bila kinga, kwenye nyanya itakayokatwa mbichi mu salati.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA KOPERATIVE

1. Nani kati yetu aliona vinundu musimu uliopita? Kwenye sehemu gani ya shamba?
2. Pepinyeri yetu iko wapi, na tangu miaka ngapi haijahama?
3. Muarobaini iko karibu? Kama hapana, tunaweza kupata mbegu kwa koperative gani?
4. Salongo ya titonia tuiweke siku gani, ili ipite wiki 2 mbele ya kuhamisha miche?
5. Nani atakubali kuacha mistari 2 bila dawa?

Mutu mwenye shamba lenye limeisha kugonjwa mwaka huu, asilie tu na asikope tena kwa kununua dawa ya kupulizia. Achunge miti yenye kubakia na maji kidogo kidogo na mbolea yenye kuoza, avune yenye anaweza, kisha ang'oe mizizi yote aichome. Pesa ya musimu ujao aiweke kwenye pepinyeri. Pale njo vita inashindwa ama inapotezwa.

Kazi njema shambani.